Kopo Lenye Picha ya Dada

6 Februari

Dada fundi, shikamoo.

Naandika kwa sababu juzi kwenye simu pumzi ilikukatikia kabla hujamaliza kunitukana, na mimi nikikatiziwa tusi silali. Tuandikiane. Utingo wa basi ni rafiki yangu, atakuwa anatupelekea barua. Humo utanitukana mpaka nukta.

Sasa kaa kitako. Nimepata kazi. Usicheke! Kazi halali, ina kizibao cha njano na kitambulisho chenye sura yangu, ingawa sura yenyewe imetoka kama ya mtu anayetafutwa. Nasimama mlangoni kwa duka kubwa na kopo la mchango. Kuna chama kinawasaidia wenye ugonjwa wa moyo wapate kupasuliwa. Kila mgonjwa ana kopo lake, picha yake imebandikwa mbele. Kopo lina kufuli, ufunguo anao Katibu wa chama, mama mmoja mkali, akikutazama tu unajikuta umetoa mikono mifukoni. Mimi nina posho yangu ya siku, basi.

Dada, watu! Ukitaka kuwajua watu, shika kopo. Wakiwa mbali wanatembea vizuri, wakiniona kila mmoja anapata lake. Huyu anasoma risiti kama anasomea mtihani. Yule anakumbuka ana mtoto, anamshika mkono haraka, kumbe mtoto si wake. Mwingine anasema "narudi sasa hivi", halafu anatokea mlango wa nyuma wa kupakulia mizigo. Jana mama mmoja kanyanyua simu sikioni, "haloo, haloo, ndiyo mume wangu", na simu kaishika kichwa chini miguu juu! Nikamwambia, mama, msalimie shemeji, mwambie asianguke. Mlinzi wa mlango, tunamwita Soja, alicheka mpaka akashika ukuta.

Wanaosimama ndio wabaya zaidi, hao wana hotuba. "Kijana una nguvu zako, si ukalime." "Huyo kwenye picha nani, shangazi yako?" Na hakuna anayenitazama usoni. Mshika kopo hana uso, dada, ana kopo tu. Kwangu mimi hilo ni neema, lakini ya zamani tusiyafukue.

Kinachonichekesha ni kwamba nilipokuwa mwongo watu walinipa. Mwaka huu nasema kweli, wananikimbia.

Hiyo pumzi inaendeleaje? Usinifiche.

Mdogo wako,
Chiriku


15 Februari

Chiriku, marahaba.

Kwanza nimalize lile tusi: mpuuzi wewe. Nukta.

Barua yako imenivunja mbavu, mteja akadhani nimepandisha pepo. Lakini na mimi nitubu. Hao wenzako wa makopo wakiingia sokoni kwetu, mimi naweka pini mdomoni. Fundi mwenye pini mdomoni hasalimii wala haombwi. Wanasimama, wananitazama, wanaondoka. Siku nyingine sina hata nguo ya kushona, lakini pini hazikosi.

Sasa sikiliza, na usipige kelele humo unamosomea. Daktari anasema moyo una milango minne, na mmoja wa kwangu haufungi. Damu ikishapita inarudi ilikotoka, kama hao wateja wako wa mlango wa nyuma. Dawa hazitoshi. Ni kupasuliwa, na amesema tusivuke mwezi wa sita. Cherehani nakanyaga upindo mmoja, napumzika. Nguo niliyokuwa naimaliza asubuhi moja sasa inanichukua siku tatu.

Naona haya kuandika hili, mimi wa pini. Waulize hao wa chama chako kama wanachukua na mtu ambaye hakuwahi kutoa.

Kama wanataka picha, ninayokumbuka mimi ni ile moja ya hospitali, nilipolazwa na homa kichwa kimenyolewa. Uliondoka nayo wewe mwaka ule, ukasema ya kunikumbukia. Bado unayo?

Dada yako


24 Februari

Dada,

Shikamoo mara mbili, moja ya deni la jana. Kwa nini hukusema mapema? Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena, Soja akaniuliza kama kuna siafu.

Nimekwenda kwa Katibu mbio na kizibao. Nimempa barua ya daktari uliyoambatanisha. Amesoma, amevua miwani, amesema, "Ni dada yako kweli?" Nikaapa. Akasema basi, utapata kopo lako, wiki sita kwenye milango yote ya duka na maduka ya mtaa mzima, halafu hospitali kuu. Mama mkali ana moyo, nani alijua!

Ila picha. Ile ya kunyolewa isahau kabisa. Ilipotea. Panya walikula, mvua ilinyesha, chagua mwenyewe. Piga mpya. Suka nywele. Paka wanja. Vaa miwani, hata ya kuazima, hata ya jua. Ukiweza nenepa kidogo.

Nakusihi, dada, usifanane na ile ya zamani.

Chiriku


8 Machi

Chiriku,

Mgonjwa gani anavaa miwani ya jua? Unataka waseme nimetoka kuogelea?

Nilipiga hiyo picha uliyotaka, nikaitazama. Ni mwanamke anakwenda harusini. Mimi mwenyewe nisingempa kitu, ningeweka pini. Nawajua watu, mdogo wangu, ni miaka ishirini nawapima viuno. Mtu hamhurumii mgonjwa asiye na sura ya mgonjwa.

Basi nikaenda kwa mpiga picha, yule mzee asiyetupa kitu, akapekua makasha yake nusu siku, akaipata! Ile ile ya kitanda, kichwa kama yai, macho yameingia ndani. Akanisafishia nakala. Ukiitazama unataka kulia, na mimi ndiye niliyemo.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa kupoteza, sikukupa wewe. Nimemtumia Katibu mwenyewe, kwa mkono wa utingo, jana.

Umeona dada yako alivyo na akili?

Dada


11 Machi

Dada, utingo gani? Mfupi au mwenye kofia? Basi la asubuhi au la mchana? Nijibu leo leo. Usitume kingine chochote kwa Katibu bila mimi.

Ch.


30 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Usijali barua ile ya haraka, nilikuwa na homa kidogo, imepita.

Kopo lako limetoka tarehe 26! Milango yote, na mtaa mzima. Ungekuwepo. Nilikwambia watu wanakimbia, eti? Kwako walisimama. Soja alipoona picha yako alivua kofia. Soja, ambaye hata gari la meneja likipita havui! Mama mmoja muuza maua wa pale kona alikuja kununua sabuni, akakuona, akaweka mkono mdomoni. Akaenda kibandani kwake, akarudi na ua moja jeupe, akaliweka juu ya kopo. Wenye maduka walitoka nje kutazama. Mtaa mzima ulikuwa unakuzungumzia wewe tu.

Mimi wamenihamishia kazi nyingine, ya ndani ndani, ndiyo maana usishangae nikichelewa kuandika.

Wewe tulia. Meza dawa. Usikanyage cherehani.

Mdogo wako,
Chiriku


9 Aprili

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nne. Ya nne nilimsomea jirani, akalia, na yule halii hata kwa vitunguu.

Hivi watu wasionijua wanaweza kunivulia kofia? Na mimi hapa nawawekea wenzao pini? Jumatatu kapita kijana na kopo, la watoto wasioona. Pini nilikuwa nazo mdomoni tayari. Nikazitema zote mkononi, nikampa, nikamsalimia, nikamkalisha kwenye kiti cha wateja. Alikuwa amechoka yule mtoto wa watu. Akaniambia mimi ni wa kwanza siku hiyo kumtazama usoni.

Daktari amenipa tarehe, 9 Juni, fedha za chama zikifika. Nashona gauni la kwendea hospitali, upindo mmoja kwa siku. Lina mifuko. Sijui ya nini, nimeona tu raha kuwa na mifuko.

Huyo muuza maua amenigusa sana. Nimeyakumbuka yale maua uliyoniletea wewe mwaka ule uliposhuka kwenye basi nayo, nikayaweka kwenye chupa juu ya cherehani. Ndiyo maua ya kwanza kupewa maishani. Nimemdarizia kitambaa, ua jeupe katikati. Najua umenikataza, lakini kushukuru si kosa: nimemtumia Katibu ampelekee, na barua ya asante.

Dada yako mwenye mifuko


22 Aprili

Kwa anayejiita dada wa Chiriku,

Nimepata kitambaa chako na barua yako. Nimekaa navyo siku tatu sijui la kufanya, kwa sababu mpaka vilipofika sikudhani kama kuna mtu wa kumwandikia. Hata sasa sina hakika.

Kopo lenye picha yako lilikaa mlangoni saa nne tu. Watu wa mtaa ule waliitambua picha. Wanasema miaka mitatu iliyopita kijana mmoja alizunguka nayo akiomba msaada wa matibabu, wakachanga. Kisha akaja kusema dada amefariki, wakachanga tena, ya mazishi. Muuza maua alitoa maua ya kaburi. Walipowatazama wawili, picha na aliyeshika kopo, wakajua ni yeye.

Nilimwachisha kazi kesho yake. Duka limetufungia milango, na maduka ya mtaa yamefuata. Makopo ya wagonjwa wengine saba nayo yameondolewa. Nikiwapigia wenye maduka wananiuliza, "Na hao saba walikufa lini?"

Kama uko hai, na naomba uwe hai, tuletee barua ya ofisi ya serikali ya mtaa wako yenye muhuri kwamba upo, na ya hospitali iliyotumwa na hospitali yenyewe. Ile iliyoletwa na mdogo wako siwezi kuipeleka popote. Kikao cha chama ni tarehe 10 Julai. Mapema zaidi nimejaribu, wajumbe wamekataa.

Kitambaa muuza maua hakukipokea. Nakirudisha humu.

Katibu wa chama


1 Mei

Chiriku,

Nilikufa lini? Saa ngapi? Niliumwa sana, au nilikwenda kwa urahisi?

Jana nimekwenda ofisini kuomba karatasi kwamba nipo. Ni mwendo wa nyumba kumi, nilikaa chini mara tano. Karani akanisikiliza, akapekua droo, akasema, "Mama, fomu ya kuzaliwa tunayo, ya kufa tunayo. Ya kuwa hai hatuna." Akaniambia nirudi wiki ijayo bosi akiwepo. Watu kwenye foleni walicheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu kichekesho ni kizuri, na aliyekitunga ni wewe.

Niambie kweli. Usinifanyie mzaha hata mmoja.

Dada


9 Mei

Dada,

Leo hata shikamoo naiogopa.

Mwaka ule nilipofika huku nilishinda na njaa siku nyingi. Picha yako nilikuwa nayo mfukoni, na kweli ilikuwa ya kukukumbukia, hilo si uongo. Siku moja nimekaa kwenye ngazi za duka naitazama, muuza maua akaniuliza, huyo nani? Dada yangu. Anaumwa? Kwenye picha umelala kitandani umenyolewa, ningesema anacheza mpira? Nikasema anaumwa. Anaumwa nini? Mdomo ukanitangulia, ukasema moyo. Kwa nini moyo, sijui mpaka leo. Ningeweza kusema mguu. Nalala nawaza, ningesema mguu.

Akanipa bila kuombwa. Kesho yake nikaomba. Nikabandika picha kwenye kopo la maziwa.

Mtaa ule huujui ulivyokuwa, dada. Watu walikuwa wanasimama! Wenye maduka walikuwa wananiita ndani nikae kivulini. Na kila asubuhi ni hilo tu, "dada anaendeleaje?" Hapo ndipo paliponishinda. Wanaokupa hawasumbui, wanasumbua wanaokuuliza hali. Leo nasema amekula kidogo, kesho nasema amekaa kitandani. Nikachoka kukuuguza. Nikisema umepona, watataka waje wakuone. Basi nikasema umekufa.

Walilia. Muuza maua alifunga kibanda siku nzima. Wakaniambia nenda kamzike, akanipa maua ya kuweka kaburini. Nikapanda basi na maua yale, sikuwa na kaburi la kuyaweka. Nikakuletea wewe. Ulisema, mdogo wangu siku hizi ana adabu.

Nilikaa miaka miwili mbali na mtaa ule. Niliporudi nilikuwa nimenenepa, nimenyoa kile kichaka, nimevaa kizibao. Muuza maua nilikuwa nampitia mbali. Soja naye alichanga mwaka ule, lakini hakunijua, kwa sababu mshika kopo hatazamwi usoni. Mpaka siku ile. Ni kweli alivua kofia. Sikukudanganya. Alidhani ni kumbukumbu yako. Kisha akasoma maandishi chini, "anahitaji kupasuliwa", akaivaa tena. Ndipo akainua macho akanitazama mimi. Muuza maua akarudi akachukua ua lake.

Wale niliokuwa nakuandikia nikiwacheka, wa risiti na wa mlango wa nyuma, hawakuzaliwa hivyo. Niliwafunza mimi.

Sasa kila siku nasimama pale bila kopo, namwambia kila mtu yuko hai, alikuwa hai siku zote. Wananipita. Njoo, dada. Njoo siku moja tu, usimame mlangoni wakuone na miguu yako. Nitakubeba kutoka kituoni.

Chiriku


20 Mei

Chiriku,

Kuja siwezi. Kutoka kitandani mpaka kwenye cherehani ni hatua sita, napumzika mara mbili.

Ofisini bosi alikuja. Ameniandikia kwa mkono, kapiga muhuri, kwamba "aliyetajwa hapo juu nimemwona kwa macho yangu". Nimemtumia Katibu, na hospitali wametuma yao. Katibu amejibu kwamba anaamini, ila kikao ni Julai. Tarehe yangu ya daktari amepewa mwingine.

Umeniuliza kama nimekusamehe. Hukuniuliza, lakini nakujua. Pumzi ya kukusamehe ninayo. Ya kukutukana ndiyo sina, nayo ndiyo niliyoitaka.

Kijana wa wasioona alipita tena. Sikuwa na cha kumpa. Nikamwambia kaa, akakaa.

Gauni limebaki upindo wa chini.

Dada


2 Julai

Mama Katibu, shikamoo.

Ni mimi Chiriku, yule uliyemwachisha. Usichane kwanza.

Kikao cha tarehe kumi msihangaike na faili la dada. Ile karatasi kwamba yuko hai ilikuwa ya kweli, lakini muda wake umekwisha. Alifariki tarehe 19 Juni asubuhi, amekaa kwenye cherehani. Jirani anasema walimkuta na pini mdomoni, wakazitoa moja moja. Gauni tulimzika nalo. Upindo wa chini jirani aliumalizia kwa mkono, haukunyooka.

Siombi kitu kwa ajili yangu. Nilikuja huko wiki iliyopita kwa ajili ya yale makopo saba. Wale saba hakuna aliyewazika, mama, wala picha zao hazijawahi kushikwa na mimi. Nikasema, nikiwaonyesha watu wa mtaa cheti cha kifo, wataona kwamba dada alikuwepo, aliumwa kweli, na chama hakikudanganya, mwongo nilikuwa mimi peke yangu. Cheti kina muhuri na namba. Ndiyo karatasi ya kwanza ya kweli kuishika mkononi mwangu mtaani pale.

Mwenye duka la viatu aliingia ndani. Soja alikisoma mpaka mwisho, akanirudishia, akasema, "Safari hii muhuri umekolea. Unaendelea vizuri." Nikakikunja cheti.

Nikaenda kwa muuza maua. Nikanunua ua moja jeupe, la kumpelekea dada, safari hii kaburi lipo. Akalifunga bila kunitazama. Nikamfungulia cheti, nikamwambia, mama, soma tu jina.

Akachukua simu akaiweka sikioni. Kichwa chini, miguu juu.

Nikasimama nikamsubiri amalize kuongea. Jua likatoka upande huu wa mtaa likaenda upande ule, na yeye anasema ndiyo, ndiyo, nakusikia.

Chiriku